Nishati na mavuno kwenye kilimo cha viazi mviringo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndo maswali yanayokuja sana kutoka kwa wakulima wa viazi na vijana wanaotaka kuanza, kuhusu dizeli, umeme, mbolea na kwa nini mtu anaweza kutumia vingi halafu akavuna kidogo. Majibu mengine ni mafupi, mengine yamekuwa marefu kwa sababu jambo lenyewe ni refu. Hata kama hupendi hesabu, soma swali la pili na la nne, maana mengine mengi yanasimama hapo.

Nishati kwenye viazi si ni dizeli ya trekta tu?

Hapana. Dizeli ndo ile tunayoiona ikiingia kwenye tangi kwa hiyo ndo inayotuuma, ila ni sehemu tu. Kuna nishati ya moja kwa moja, yaani dizeli, petroli, umeme wa pampu na nguvu za watu, halafu kuna ile iliyojificha ambayo ilishatumika kabla kitu hakijafika shambani: gesi iliyochomwa kiwandani kutengeneza urea, chuma cha trekta na jembe lake, dawa, na hata mbegu yenyewe maana nayo ililimwa, ikapigwa dawa, ikavunwa na ikatunzwa stoo. Kwenye viazi hii iliyojificha mara nyingi ndo kubwa kuliko unayoiona, na ndo maana mtu anabana dizeli msimu mzima halafu anamwaga mbolea ovyo na anaamini ameokoa.

Jua halihesabiwi. Mmea unapata jua bure na kila mtu analipata, hesabu hii inaangalia kile ambacho sisi binadamu tumekiongeza.

Sasa unapimaje vitu tofauti hivyo kwa kipimo kimoja? Lita, kilo, masaa...

Vyote vinageuzwa kuwa megajuli, tuandike MJ. Yuniti moja ya umeme ni MJ 3.6 kamili, ila kama umeme umetoka kwenye mtambo wa kuchoma mafuta au makaa, nyingi imepotea huko kabla haijakufikia kwa hiyo watafiti wengi wanaandika karibu MJ 12 kwa yuniti. Lita ya dizeli ukiichoma inatoa kama MJ 38, na kwenye majedwali ya watafiti utakuta 47 hadi 56 kwa sababu wamejumlisha kuichimba, kuisafisha na kuisafirisha. Saa moja ya kazi ya mtu huwa inaandikwa MJ 1.96. Kilo ya viazi, iwe mbegu iwe mavuno, huwa inaandikwa MJ 3.6. Kilo ya naitrojeni kwenye mbolea inaandikwa MJ 60 na kitu.

Angalia hapo vizuri: mtu akilima kwa mkono masaa nane ni kama MJ 16, haifiki hata nusu lita ya dizeli. Na kilo moja tu ya naitrojeni inakaribia siku nne za mtu huyo. Ukishaona hivyo utaanza kuuangalia mfuko wa mbolea kwa jicho lingine kabisa.

Kitu cha kuchunga ni kwamba majedwali yanatofautiana, kwa hiyo ukilinganisha mashamba mawili hakikisha umetumia namba zilezile kwa yote mawili, la sivyo unalinganisha majedwali na siyo mashamba.

Kwa kawaida hekta moja ya viazi inakula nishati kiasi gani?

Inategemea sana, yaani sana. Shamba la mvua lenye jembe la mkono na samadi linaweza kuwa chini ya MJ 20,000 na shamba la kumwagilia kwa maji ya kisima kirefu linaweza kupita 100,000. Utafiti mmoja unaotajwa sana ulifanyika mkoa wa Ardabil, Iran, ukachapishwa 2008, ukapata kama MJ 81,600 kwa hekta, mbolea peke yake ikiwa karibu asilimia 40, na nishati iliyotoka kwenye viazi ilikuwa mara 1.25 tu ya iliyoingia. Yaani unaweka 4 unapata 5. Hiyo ni faida ndogo kwa zao ambalo linasifiwa kwa kuzaa sana.

Mimi nataka kujua, nipime kwa hekta au kwa tani?

Kwa tani. Tena tani inayouzika au inayolika, siyo tani iliyotoka ardhini. Hili ndo ninalolishikilia kuliko yote kwenye ukurasa huu, kwa hiyo nalieleza kwa mfano (namba ni za mfano tu, lengo uone zinavyocheza).

Shamba A limetumia MJ 25,000 kwa hekta, limevuna tani 12. Kila tani imekula kama MJ 2,080. Shamba B limetumia MJ 55,000, zaidi ya mara mbili, ila limevuna tani 30, kila tani imekula kama 1,830. Ukiangalia kwa hekta utasema A ndo mkulima mbanaji, kumbe kila kiazi cha B kimetumia nishati kidogo kuliko cha A. Sasa shamba C, jirani wa B, ameona B anafanikiwa akaongeza mbolea, akaongeza maji, akaongeza dawa, amefika MJ 75,000 na amevuna tani 32. Tani mbili za ziada zimemla MJ 20,000, na wastani wake umeruka hadi 2,340 kwa tani, mbaya kuliko hata A ambaye hana kitu.

Kwa hiyo kutumia nishati kidogo siyo lengo, na kuvuna kingi siyo lengo peke yake. A anahitaji kuongeza kitu, labda mbegu nzuri, na C anahitaji kupunguza. Ushauri mmoja kwa wote wawili utamuumiza mmoja wao, na ushauri mwingi unaotolewa ndo wa namna hiyo.

Mavuno ya kawaida duniani ni tani ngapi?

Wastani wa dunia ni tani 20 na kitu kwa hekta. Nchi kama Uholanzi na Marekani zinapita 40, na bonde la mto Columbia jimbo la Washington wanafika 60 hadi 70 kwa sababu siku za majira ya joto ni ndefu, usiku una baridi, maji yapo na msimu ni mrefu. Sehemu nyingine nyingi wanavuna tani 8 hadi 15. Usijilinganishe na Washington ukavunjika moyo, jilinganishe na jirani yako mwenye udongo kama wako na mvua kama yako.

Kwa nini mbolea ya viwandani inabeba nishati nyingi hivyo? Si ni unga tu?

Naitrojeni imejaa hewani, asilimia 78 ya hewa ni yenyewe, ila imeshikamana kwa nguvu ambayo mmea hauwezi kuivunja. Wajerumani Fritz Haber na Carl Bosch ndo waliofanikisha njia ya kuigeuza kuwa amonia kwa joto kali na presha kubwa, kiwanda cha kwanza kikaanza kazi Oppau mwaka 1913. Hadi leo viwanda vingi vinatumia gesi asilia, kama kuni ya kupata joto na pia kama malighafi ya kupata haidrojeni. Kiwanda kizuri cha kisasa kinatumia kama MJ 28,000 kwa tani ya amonia, vya zamani vinatumia zaidi ya hapo.

Chukua mfuko wa urea wa kilo 50. Urea ni asilimia 46 naitrojeni kwa hiyo humo ndani kuna kilo 23. Ukipiga kwa kiwanda kizuri unapata MJ 800 hivi, ukipiga kwa namba za majedwali ya zamani unapata kama 1,400. Kwa maneno mengine mfuko mmoja ni sawa na lita 20 hadi 36 za dizeli zimekaa pale kwenye kona ya stoo. Fosfeti na potashi zinabeba nishati ndogo kuliko naitrojeni, kama MJ 11 hadi 13 kwa kilo, kwa hiyo ukitaka kubana nishati ya mbolea naitrojeni ndo pa kuanzia.

Basi nipunguze mbolea, si ndiyo?

Usipunguze kabla hujajua ulichonacho ardhini. Tani moja ya viazi inaondoka shambani na kilo 3 hadi 4 za naitrojeni, kama kilo 1 ya fosfeti na karibu kilo 6 za potashi. Tani 30 zimeondoka na kilo 100 na kidogo za naitrojeni na zaidi ya kilo 170 za potashi. Kama hurudishi, udongo unalipa, na mwaka wa tatu wa nne utaona mwenyewe. Na potashi ndo wengi wanaisahau kabisa, wanaweka urea na DAP (mbolea ya naitrojeni na fosfeti) miaka nenda rudi halafu wanashangaa viazi havijai.

Ila kuzidisha naitrojeni kwenye viazi kuna adhabu ya aina yake. Mmea unapenda majani, unanawiri, shamba linapendeza mpaka watu wanasimama kuangalia, huku chini viazi vimechelewa kufungwa, yaani kuanza kutunga, vina maji mengi, ngozi haikomai na vinachubuka wakati wa kuvuna. Sehemu ya naitrojeni iliyobaki inazama na maji kwenda kwenye visima na mito, na nyingine inapanda hewani ikiwa gesi ya naitrasi oksaidi ambayo kilo yake moja inapasha joto dunia zaidi ya mara 260 ya kilo ya kabonidioksaidi kwa kipindi cha miaka 100. Kwa hiyo nishati imeliwa kiwandani, mavuno hayajaongezeka, na umechafua maji na hewa.

Pima udongo. Kama kuna kitu kimoja nitakirudia mpaka nichoke ni hicho. Halafu gawa naitrojeni, nyingine wakati wa kupanda, nyingine wakati wa kupandishia udongo kwenye matuta, badala ya kuimwaga yote siku ya kwanza wakati mmea hata mizizi hauna. Na iweke kwenye mstari karibu na mbegu bila kuigusa mbegu, mizizi ya viazi haiendi mbali, mingi inakaa kwenye sentimita 40 hadi 60 za juu.

Samadi inaweza kuchukua nafasi yote?

Sehemu kubwa inaweza, yote ni ngumu kama huna mifugo mingi karibu. Samadi inahesabiwa MJ 0.3 tu kwa kilo ila inawekwa kwa matani, kwa hiyo tani 20 ni MJ 6,000, na ukiisafirisha kwa lori kutoka mbali dizeli inapanda na faida inaisha barabarani. Uzuri wake mkubwa ni kwamba inashikilia maji na kulainisha udongo, hivyo trekta na jembe vinapita kwa urahisi na unamwagilia kidogo. Itumie iliyooza vizuri, mbichi inaleta magugu na inaweza kuongeza ukoko wa ngozi kwenye viazi. Kingine ni kupanda maharage, njegere au jamii nyingine ya kunde msimu unaotangulia, hiyo naitrojeni inatengenezwa na bakteria mizizini bila gesi wala kiwanda.

Mbegu inahusikaje na nishati?

Inahusika kuliko watu wanavyodhani! Hekta inabeba tani 2 hadi 2.5 za mbegu. Ukipanda sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mbegu unapata mashimo 44,000 hivi, na mbegu ya gramu 50 inakupa tani 2.2. Kwa MJ 3.6 kwa kilo hiyo ni karibu MJ 8,000 umezika ardhini siku moja. Mazao machache sana yanadai mbegu nzito namna hii.

Lakini uzito wake siyo tatizo kubwa, tatizo ni ubora. Viazi vinapandwa kwa kiazi chenyewe, kwa hiyo kila ugonjwa wa mama unaenda kwa mtoto. Virusi vinavyosambazwa na vidukari vinajikusanya msimu baada ya msimu, hata kama mmea unaonekana wa kijani kawaida tu mavuno yanashuka kidogo kidogo mpaka unaanza kulaumu udongo. Mnyauko bakteria nao unaingia hivyohivyo kwa mbegu. Sasa fikiria: trekta imelima kiasi kilekile, mbolea ileile, maji yaleyale, dawa ileile, ila mbegu mbovu imekupa tani 12 badala ya 20. Nishati yote ya shamba imegawanywa kwa viazi vichache. Mbegu safi haiongezi hata lita moja ya dizeli shambani na inakuongezea mavuno, ndo maana kwangu mimi ni njia ya kwanza ya kubana nishati kabla ya pampu, kabla ya sola, kabla ya kila kitu.

Kama mbegu iliyothibitishwa haipatikani kila msimu, nunua kidogo uizalishe sehemu safi, au weka alama kwenye mimea yenye afya kabisa wakati shamba linatoa maua na hiyo tu ndo uchukue mbegu. Watu wengi wanafanya kinyume, vikubwa vinauzwa na vidogo vilivyobaki ndo mbegu, na mara nyingi vidogo vimekuwa vidogo kwa sababu mama yake ni mgonjwa.

Pampu yangu inakula sana, nitajuaje kama ni kawaida?

Fanya hesabu hii, ni rahisi. Kupandisha lita 1,000 za maji kwa mita moja kunahitaji MJ 0.0098, hiyo haibadiliki hata pampu iwe ya aina gani. Viazi vinahitaji milimita 500 hadi 700 za maji kwa msimu wa miezi minne mitano. Tuseme mvua haipo kabisa na unahitaji 500, hiyo ni lita milioni 5 kwa hekta. Ukizipandisha mita 50 kwa jumla (kina cha kisima, kilima, na presha ya springkla vyote pamoja) unapata yuniti 680. Pampu na mota pamoja zikiwa na ufanisi wa asilimia 60 utalipia kama yuniti 1,130. Kama bili yako kwa hali kama hiyo ni 2,000 basi kuna kitu kinavuja, kimechakaa au kimechaguliwa vibaya.

Presha ndo inayosahaulika. Baa moja ya presha ni sawa na kupandisha maji mita 10. Mzinga mkubwa wa kurusha maji unataka baa 4 na zaidi, springkla za kawaida 2 hadi 4, umwagiliaji wa matone unaridhika na moja hivi. Kwa hiyo mtu anayehama kutoka mzinga kwenda matone ameokoa mita 30 za kupandisha hata kama kisima ni kilekile.

Na mabomba! Ukipitisha maji yaleyale kwenye bomba lenye kipenyo nusu ya linalotakiwa, upotevu kwa msuguano unaongezeka karibu mara 32. Mtu anaokoa hela kwenye bomba siku moja halafu analipa umeme miaka kumi.

Viazi vinapenda maji mengi, nikimwagilia zaidi navuna zaidi?

Vinapenda maji ya uhakika, siyo mengi. Kipindi kibaya zaidi cha kukosa maji ni pale viazi vinapoanza kufungwa na vinapojaa. Udongo usiachwe ukauke zaidi ya theluthi moja hivi ya maji ambayo mmea unaweza kuyatumia. Ukiacha ukauke halafu ukamwaga mengi ghafla viazi vinapasuka, vinatoa maumbo ya ajabu na vingine vinakuwa na uwazi katikati. Ukizidisha vinakosa hewa, vinaoza, na mbolea uliyoilipia inazama chini. Mkono kwenye udongo wa tuta, sentimita 20 hivi, unakuambia mengi kuliko ratiba ya kila Jumanne.

Mwagilia asubuhi mapema. Mchana jua linachukua sana, na jioni majani yanalala na unyevu ambao ugonjwa wa blaiti unaupenda.

Pampu ya sola inamaliza tatizo?

Inamaliza tatizo la mafuta na siyo tatizo la maji. Ukiwa na dizeli kila lita inakukumbusha kuzima, ukiwa na sola unaacha tu iende, na huko chini maji ya kisima yanashuka kwako na kwa jirani. Ukiweka sola weka na mita ya maji, au tangi la ujazo unaojulikana. Zaidi ya hapo ni kitu kizuri, hasa na matone, kwa sababu matone yanataka presha ndogo na paneli chache zinatosha.

Kulima kwa trekta mara nyingi ndo kunalainisha matuta. Nipite mara ngapi?

Mara chache inavyowezekana, na udongo ukiwa na unyevu wa wastani. Viazi vinasumbua udongo kuliko karibu kila zao: unalima, unapiga haro, unatengeneza matuta, unapandishia udongo, halafu wakati wa kuvuna unalichota tuta zima. Hekta moja kwa kina cha sentimita 15 ni mita za ujazo 1,500 za udongo, na hata kama mashine inachota eneo la matuta tu bado ni mamia ya tani zinanyanyuliwa ili upate tani 30 za viazi. Kila sentimita usiyoihitaji unailipia.

Kosa kubwa ni kuingia shambani udongo ukiwa umelowa. Matairi yanashindilia, mabonge yanatokea, unalazimika kupita na rotoveta mara ya pili na ya tatu, mizizi inashindwa kushuka kwa hiyo unamwagilia mara nyingi zaidi, na wakati wa kuvuna mabonge yaleyale yanapigana na viazi na kuvichubua. Siku mbili za subira zinaokoa vitu vitano. Presha ya tairi pia ipunguze ukiwa shambani kwa kiwango anachokubali mtengenezaji, na jembe butu linoe.

Dawa za blaiti je?

Bakajani chelewa, wengi tunaiita blaiti, ndo iliyoleta njaa ya Ireland kuanzia 1845. Inaweza kumaliza shamba ndani ya wiki moja mbili kukiwa na unyevu na ubaridi wa nyuzi 10 hadi 20. Kwa hiyo sitakuambia uache dawa kwa ajili ya kubana nishati, shamba likifa nishati yote imekufa nalo. Nishati ya dawa zenyewe siyo kubwa ukilinganisha na mbolea, ila kwenye maeneo yenye mvua nyingi watu wanapiga mara kumi na zaidi kwa msimu, na kila mara ni trekta au watu, ni maji, ni sumu. Aina yenye ukinzani inapunguza mizunguko hiyo. Fuatilia hali ya hewa, ng'oa viazi vilivyojiotea vyenyewe, na usiache marundo ya viazi vilivyooza pembeni ya shamba maana huko ndo ugonjwa unapojificha.

Joto likizidi mavuno yanashuka hata kama nimefanya kila kitu?

Ndiyo. Viazi vinafungwa vizuri udongo ukiwa nyuzi 15 hadi 20, ikikaribia 30 vinagoma karibu kabisa na mmea unabaki majani tu. Panda mapema au sogea juu mlimani kama unaweza, matandazo yanasaidia kupoza udongo.

Stoo ya baridi ina thamani au inakula faida?

Kwanza tuone kinachopotea. Rudi kwa shamba B, MJ 55,000 na tani 30. Zikioza au zikiota asilimia 15 umebaki na tani 25.5 na kila tani sasa imekula kama MJ 2,160 badala ya 1,830. Yaani ubora wote aliokuwa nao dhidi ya A umeisha, tena amekuwa mbaya kuliko A, na hakuna aliyegusa shamba. Uharibifu baada ya mavuno ni nishati imetupwa, na inaniuma kwa sababu ndo sehemu rahisi kurekebisha.

Kabla ya kufikiria mashine za baridi fanya ya bure. Kata au ua majani wiki mbili tatu kabla ya kuvuna ili ngozi ikomae. Usivirushe, kiazi kikidondoka kwenye kitu kigumu kinapata jeraha la ndani ambalo hulioni. Vipe siku 10 hadi 14 kwenye nyuzi 12 hadi 15 na unyevu mwingi vipone majeraha. Viweke gizani, mwanga unavigeuza kijani na sumu ya solanini inapanda.

Kwa stoo yenyewe, mbegu inakaa vizuri kwenye nyuzi 3 hadi 4, viazi vya chipsi na krispi kwenye 7 hadi 10 kwa sababu vikipoa sana wanga unageuka sukari na vinakuwa vyeusi kwenye mafuta. Hapo wengi wanachoma umeme bure, wanapooza vya kukaanga kama vile ni mbegu, wamelipia baridi ili waharibu mzigo. Sehemu zenye usiku wa baridi feni tu ya kuvuta hewa ya usiku inafanya kazi kubwa. Na kwa mbegu kuna stoo ya mwanga hafifu, njia iliyoenezwa na Kituo cha Kimataifa cha Viazi kilichopo Lima: trei za mbao, hewa inapita, mwanga usio wa jua la moja kwa moja, mbegu inatoa machipukizi mafupi magumu na inakaa miezi bila hata yuniti moja ya umeme.

Kilimo hai kinatumia nishati kidogo?

Kwa hekta mara nyingi ndiyo, maana hakuna urea. Kwa tani inategemea, kwa sababu blaiti ikija huna silaha nyingi na mavuno yanaweza kuporomoka. Nimeona watu wanabishana hapa kwa hasira bila kutaja mavuno, na bila mavuno mjadala hauna mwisho.

Niandike nini ili nijue niko wapi?

Lita za dizeli kwa kila kazi, yuniti za pampu mwanzo na mwisho wa msimu, mifuko ya mbolea na aina yake, kilo za mbegu, watu na masaa, halafu kilo zilizouzwa na zilizotupwa. Daftari la kawaida linatosha. Zilizotupwa watu hawaziandiki, ziandike.

Viazi vikishatoka shambani hesabu imeisha?

Kwa mkulima imeisha, kwa kiazi bado. Kuchemsha kilo moja ya viazi kwenye kilo moja ya maji kunahitaji kama MJ 0.6 kufika kwenye mchemko, ila jiko halipeleki joto lote kwenye sufuria. Jiko la mafiga matatu linapeleka asilimia 10 hadi 15 tu, kwa hiyo unachoma MJ 4 hadi 6 za kuni kwa kilo moja, mara mbili na zaidi ya nishati yote iliyotumika kukilima kwenye shamba B. Jiko bora, mfuniko, na maji ya kufunika viazi tu vinabana sehemu kubwa ya hizo.